Sufuria za Wageni

Watu wa maabara waliposema wanakuja kuangalia nyumba, Syombua hakusikia "maabara". Alisikia "wanakuja". Basi akafanya kile mama yeyote wa ploti hufanya akiambiwa wageni wako njiani. Alisugua sakafu kwa sabuni ya unga mpaka simiti ikaanza kujiuliza imekosea nani, akageuza kapeti ule upande haujachomwa na jiko, akatoa vitambaa vya krosheti kutoka kwa sanduku, kisha akajifunga leso na kupiga mguu kutoka mtaa wa Gatina mpaka Kisumu Ndogo kuazima vyombo.

Vyombo vya chama vilikaa kwa Aoko, ndani ya dramu ya plastiki yenye kufuli. Wanawake walikuwa wamevinunua kwa kuchangachanga: vikombe vya maua, thermosi, sahani za kioo, na sufuria moja kubwa ya stainless iliyong'aa hadi mtu angeweza kujipaka lipstick akijiangalia ndani. Havikuwa vya kulishia watu wa nyumba. Vilikuwa vya matanga, vya kumkaribisha pasta, na vya ile siku wakwe wanakuja kuhesabu makosa.

Aoko alikuwa kwa meza yake ya omena, mjukuu wake Hope amelala mgongoni. Mkono mmoja ulifukuza nzi, mwingine ulifukuza wateja wa kuonja.

"Nyar Kitui!" akaita, yaani binti wa Kitui. "Leo umekuja kununua ama kuonja tena?"

"Nimekuja kuazima, Mama Ojwang. Vyombo. Kesho niko na wageni."

"Wakwe?"

"Watu wa maabara. Ile maneno ya Kasyoka."

Mkono wa Aoko uliacha nzi wapumzike kidogo.

Kasyoka alikuwa wa miaka mitatu. Krismasi iliyopita alikuwa na maneno ya kutosha hata ya kumtusi keateka wa ploti. Sasa maneno yalikuwa yamemhama moja moja, kama wapangaji wanaotoroka rent, hadi likabaki moja tu: uji. Tumbo lilimsokota, alianguka bila kusukumwa, na ukimwita alikutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mlionana wapi. Hospitalini daktari alitoa damu, akawaita baba na mama, akawaambia kuna lead kwa mwili, na kwamba Kiswahili chake ni risasi.

"Nani amempiga mtoto risasi?" Mulei, babake, aliuliza, na akacheka peke yake.

Daktari hakucheka. Alisema ni madini, kama yale ya betri ya gari. Yakiingia kwa mtoto hayaoni haraka ya kutoka. Yanakula akili. "Nitampa dawa ya kuyatoa," alisema, "lakini kama bado anayala nyumbani, tunacheza. Lazima tujue yanatoka wapi. Watu wa maabara watakuja kwenu wapime." Na Syombua, aliyekuwa amekaa na mtoto mapajani, alielewa vile mtu maskini huelewa kila kitu anachoambiwa na mtu wa koti nyeupe: kwamba nyumba yake ni chafu.

"Chukua na hii kubwa," Aoko alisema, akiinua ile sufuria ya stainless kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. "Wakiona zile zako nyeusi watasema mtoto amelishwa makaa." Halafu akajisikia, akaangua kicheko mpaka Hope akaamka. "Mke wa mtu wa sufuria anaazima sufuria! Yawa, Nairobi!"

"Zenye ziko kwangu si unazijua."

Alizijua. Mulei alikuwa na kibanda nyuma ya ploti. Huko aliyeyusha vyuma vikuukuu, vipande vya injini, radieta, mikebe, akavimwaga kwa mchanga vikatoka sufuria. Zile nzuri ziliuzwa mpaka Kibera. Zile zilizotoka zimepinda, ama na vipele ndani, ama na sikio moja, ndizo zilirudi nyumbani kuwa za familia.

"Ukiiharibu," Aoko alisema, akifunga dramu, "chama itakuharibu."

Asubuhi ya ugeni, Syombua alizisukuma sufuria zake chini ya kitanda na kushusha pazia. Ile ndogo ya uji, ya sikio moja, ilikuwa bado na uji wa wimbi wa jana, umechachuka vizuri vile Kasyoka alipenda. Akaifunika na sahani na kuisukuma nayo.

Mulei alifunga kibanda kwa cheni. Kanjo, wale askari wa jiji, walikuwa wameshakibomoa awali, na kwake mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni alikuwa kanjo hadi athibitishe vingine. Hata hospitalini alipoulizwa kazi alisema "fundi", bila kutaja wa nini.

Aliyekuja ni msichana wa miwani anayeitwa Khamala, kutoka maabara ya chuo. Alivua viatu mlangoni, jambo lililompendeza Syombua. Halafu akavaa glavu, jambo ambalo halikumpendeza.

"Karibu chai, madam."

"Asante sana, Mama, lakini nikiwa kazini siwezi kula wala kunywa."

Syombua akatazama thermosi ya chama, vikombe vya chama na mandazi yaliyopangwa kwa sahani ya chama, vyote vimevaa Jumapili na havina pa kwenda.

"Sista, hiyo chai haiumi," Mulei alisema. "Hata hatujaweka risasi."

Khamala alicheka kidogo, kwa adabu, na akaanza kazi. Alipangusa dirisha kwa kitambaa chenye maji na kukifungia kwa chupa ndogo. Alichota mchanga wa mlangoni. Akachukua maji ya mtungi, unga, chumvi, akakwangua rangi ya ukuta. Alikuwa akieleza polepole, kama mtu anayejua watu huogopa wakinyamaziwa. "Damu ya mtoto imetuambia sumu iko, na iko nyingi aje. Haiwezi kutuambia imetoka wapi. Hiyo sasa ndio nakuja kuulizia vitu vya nyumba. Unapika na nini?"

Syombua akaonyesha stainless, iliyokaa juu ya meza kama bibi arusi.

Khamala aliigeuza juu chini. Akaipitisha kidole. "Hii ndio ya uji wake? Kila siku?"

"Kila siku."

"Haina hata masizi."

"Mimi husugua."

"Huyu husugua hata watu," Mulei alisema.

Khamala alitazama chumba. Kilikuwa kidogo, hakikuhitaji kutazamwa mara mbili, lakini alikitazama mara mbili. "Mama, hakuna zingine? Hata za zamani. Hata zile mbaya. Mimi hata napenda zile mbaya."

Kama angesema "nisaidie", pengine Syombua angesaidia. Lakini alisema mbaya, na alikuwa na glavu, na alikuwa amekataa chai.

"Hapa hakuna mbaya," Syombua alisema.

Hapo ndipo Kasyoka, aliyekuwa amekaa sakafuni kimya tangu mgeni aingie, aliinua mkono mwembamba na kuonyesha pazia la kitanda.

"Uji," alisema.

Mulei akakohoa. Syombua akamwinua mtoto haraka na kumtia andazi mkononi.

"Ana njaa," alisema.

"Ni vizuri," Khamala alisema, akimshika Kasyoka shavu kwa glavu. "Njaa ni dalili nzuri." Kisha akaishika ile sufuria ya chama, akaitia kwa mfuko mkubwa wa nailoni. "Basi hii naenda nayo."

"Unaenda nayo wapi?" Syombua na Mulei waliuliza pamoja, kama kwaya.

"Kazini. Tunachemshia ndani maji yenye siki, kwa muda, halafu mashine inasoma ni nini imetoka kwa sufuria ikaingia kwa maji. Nitairudisha, Mama, usijali. Mko na ya kupikia leo?"

Nini kingine angejibu? "Tutaazima," Syombua alisema.

Kasyoka alilazwa kwa dawa. Huko wodini alikula uji wa hospitali, mwepesi kama ahadi, na wiki zilipopita akaanza kutazama watu tena. Siku moja akamwangalia nesi akasema "paka". Hakukuwa na paka. Lakini lilikuwa neno, na Syombua alilibeba mpaka Gatina kama zawadi.

Simu ya Khamala ilimpata akianika nguo kwenye koridoo.

"Mama Kasyoka, majibu ya nyumba yametoka. Mchanga wa hapo kwa mlango uko sawa. Maji sawa, unga sawa, rangi sawa. Sufuria ni safi kabisa."

"Safi aje?"

"Safi kabisa."

"Hebu rudia, network inasumbua," Syombua alisema, akaweka simu spika, kwa sababu jirani wa mlango wa pili alikuwa amekaa nje akichambua sukuma, na ndiye aliyekuwa ameeneza kwamba mtoto wa Mulei amepatikana na ugonjwa wa uchafu.

"Nyumba yenu ni safi, Mama," simu ikasema kwa sauti. Halafu, chini kidogo, "Sasa ndio sijui inatoka wapi." Lakini hayo ya pili Syombua hakuyapa kiti. Aliimba akianika. Daktari naye, kwa kuwa damu ilikuwa imeshuka na nyumba imepimwa ikapatikana haina kitu, alimruhusu Kasyoka arudi nyumbani akamalizie dawa huko.

Shida iliyobaki ilikuwa ya Aoko. Kulikuwa na matanga Kisumu Ndogo, na sufuria ya matanga ilikuwa kwa maabara inachemshiwa siki.

"Nyar Kitui, usiniambie imeenda kusoma university," Aoko alisema kwa simu. "Mimi sijazaa sufuria. Ni ya wanawake."

"Nitamtengenezea ingine," Mulei alisema. "Tena kubwa. Atasahau hiyo karatasi yake inang'aa."

Mulei alipotaka kumfurahisha mtu alitengeneza kwa roho yote. Alipepeta mchanga, akaulowesha, akaushindilia kwa boksi la mbao, akachora shimo la sufuria humo kwa kufuata ya zamani. Vyuma vilipoanza kulainika kwa moto alitupa ndani konzi ya vile vichuma vizito vya kubalansi magurudumu, ambavyo mtu wa pancha alimwekea kwa mkebe. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake ya biashara. Wanawake wa Nairobi hununua sufuria kwa mkono. Mama anainua, anapima, anakunja mdomo. Ikiwa nyepesi anakurudishia bila kukuaga. Za Mulei zilikuwa nzito. Moshi ulipopanda wenye rangi yake, alifunga pua kwa kola ya shati. Sumu yote ya chuma huishia motoni, ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha. Moto unamaliza kila kitu.

Mwisho alibonyeza dole gumba kwa mchanga, pale chini, ili kila sufuria yake itoke na alama ya kidole.

Aoko aliiinua ile mpya kwa mikono miwili, akaipima, na uso wake wote ukakubali. "Hii," alisema, "hii ni sufuria ya mtu mzima. Hata ile ingine ikirudi, hii ibaki kwangu. Ni faini ya kunichelewesha."

"Imebaki," Mulei alisema, na akapiga saluti.

Ilikuwa asubuhi, wiki kadhaa baada ya Kasyoka kurudi nyumbani, ameshika kikombe, Syombua anamalizia kumimina uji kutoka ile sufuria ya sikio moja. Mtoto alikakamaa. Kikombe kilianguka. Macho yakapanda juu, povu likamtoka, na miguu ikapiga sakafu kama mtu anayekimbia akiwa amelala.

Hospitalini walichukua damu tena. Daktari alirudi akiwa amekunja uso. Lead ilikuwa imepanda kuliko ile siku ya kwanza.

Khamala alikuja wodini alasiri, amebeba mfuko mkubwa wa nailoni. Aliuweka chini ya kitanda cha mtoto, akavuta stuli, akakaa karibu na Syombua. Leo hakuwa na glavu. Alikuwa na kucha zilizotafunwa.

"Mama, mimi sijalala vizuri na hii kesi," alisema. "Damu inasema kitu moja, nyumba inasema ingine. Nimerudia kupima kila kitu. Nimepima hata maji ya kuoshea vyombo vya maabara, nikidhani ni mimi nimekosea. Sijakosea. Nikasema wacha angalau nirudishie huyu mama sufuria yake." Akagusa mfuko kwa mguu. Halafu, polepole, kama mtu anayefikiria kwa sauti, "Si hii tu ndio ulisema mko nayo?"

"Ndio."

"Na imekuwa kwangu hiyo muda yote."

Syombua alimpangusa Kasyoka mdomo uliokuwa tayari mkavu.

"Uji wa leo asubuhi ulipikwa na nini, Mama Kasyoka?"

Wodi ile ilikuwa na vitanda vilivyobanana na mama mmoja kwa kila kitanda, na wote, kwa heshima, walijifanya wanatengeneza blanketi. Syombua alitazama mikono yake. Aliwahi kufumaniwa na karo, na rent, na kanisani bila sadaka, akijua kila mara uso wa kuvaa. Huu hakuwa nao.

"Niliazima," alisema. "Hiyo ni ya chama. Niliazima ili... kwa sababu mlikuwa mnakuja."

"Na zenu?"

"Zilikuwa chini ya kitanda."

Khamala alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha blauzi yake, akaivaa tena. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi nilipima sufuria vizuri sana, Mama," alisema. "Sikukosea hata kidogo. Nilipima tu sufuria ya watu wengine."

Kitandani Kasyoka alikuwa amelala macho wazi. Mama wa kitanda cha pili alisema, bila kumwangalia mtu, "Hata mimi ningeazima."

Ile ya sikio moja ilienda maabara na ukoko wake. Khamala alikataa ioshwe hata kwa maji. Walipoitwa kusikia majibu, Mulei alivaa suti yake ya harusi, maana alihisi anaenda kortini.

"Maji ya hii sufuria yalishinda mashine," Khamala aliwaambia. "Ilikataa kusoma. Ilibidi tuyapunguze na maji safi, tukapunguza tena, ndio ikaweza." Akauliza uji ulipikwa aje. Syombua akasema wa kuchachuka, unalala kwa sufuria hadi asubuhi ili uwe mkali. Khamala akatikisa kichwa pole pole. "Huo ukali ndio unakwangua chuma. Unalala usiku kucha ukikwangua."

"Lakini hiyo ni chuma imepita kwa moto," Mulei alisema. "Mimi naiona ikichemka kama maji. Ni nini inaweza kuishi hapo?"

"Moto unaua wadudu, Baba Kasyoka. Hii haina uhai ya kuuliwa. Inabaki kwa sufuria, na ingine inapanda na moshi unayovuta." Alimtazama. "Si hospitalini ulisema tu wewe ni fundi?"

Mulei alifungua mdomo kutafuta mzaha. Kila mtu aliuona mdomo ukitafuta.

"Ni vile vichuma vya balansi," alisema mwishowe. "Huwa naweka ziwe nzito. Wanapenda nzito."

Aliambiwa apimwe damu naye. Alikataa. Nikipatikana nayo itakuwa nini, aliuliza, nani atawasha moto? Mikono yake ilikuwa na kitetemo ambacho Syombua alikuwa amekizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Daktari ndiye aliyemalizia. Dawa ingeendelea, na sasa ingefanya kazi kwa sababu shimo la kuingilia sumu lilikuwa limepatikana, lakini ile ya hospitali ilikuwa imeisha na nyingine ingebidi wainunue wenyewe nje, kwa muda mrefu. Ingetoa sumu iliyobaki.

"Na maneno?" Syombua aliuliza. "Yatarudi?"

"Mama, dawa inatoa lead. Hairudishi kile lead ilikula." Daktari alifunga kalamu yake. "Angetoka hapa mara ya kwanza akaenda kwa nyumba isiyo na hiyo sufuria, tungekuwa tunaongea mambo ingine."

Mulei alitaka wanyamaze. "Ukisema, kesho watakuja na mawe," alimwambia mkewe. "Na tukishapigwa mawe, dawa itanunuliwa na nani?" Syombua alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akachukua stainless ya chama, akaiosha ingawa ilikuwa safi, na akaenda Kisumu Ndogo.

Aoko alikuwa akipika nje ya mlango. Sufuria ya kidole gumba ilikuwa juu ya jiko, ndani omena na nyanya nyingi, inatoa harufu ya kumfanya mtu asamehe. Hope alikuwa amekaa kwa kiti kidogo, anangoja sahani yake.

"Imerudi kutoka university!" Aoko alisema alipoiona stainless. "Ilipata digrii? Kaa ule."

"Siwezi kula, Mama Ojwang."

"Kwani wewe pia umeanza maringo ya maabara?"

Syombua akasema. Alisema amesimama, haraka, kabla roho haijabadilika: sufuria, vichuma, risasi, siki, mashine. Aoko alimsikiza, kijiko mkononi. Majirani wawili waliacha kufua.

"Ngoja kidogo," Aoko alisema. "Yaani unaniambia na hiyo mdomo yako nimekuwa nikilisha huyu mtoto sumu?"

"Nakuambia usiitumie tena."

"Nipikie nini? Kiganja? Bwanako alisimama hapa akanipigia saluti."

"Hata yeye hakuwa anajua."

"Na wewe? Ulijua hiyo sufuria iliendea kupimwa ni yangu. Si ulijua? Ukanyamaza, ndio wakuone msafi." Alikuwa amepanda sauti sasa, na watu walikuwa wamejaa. Mtu nyuma akauliza kama ni zile sufuria za Gatina za kidole, na mwingine akasema yeye ana mbili, na arudishiwe pesa yake hapo hapo ama Syombua aache leso. Mtu alivuta leso kweli. Syombua aliiachilia iende.

"Mpeleke Hope apimwe," alisema. "Mama Ojwang, nakuomba. Wakifika mapema inasaidia."

"Apimwe nini? Hope hana shida yoyote. Hope huongea kama redio." Aoko alichuchumaa mbele ya mjukuu wake, akamshika mabega. "Nyathina, mtoto wangu, hebu mwambie huyu mama unaitwa nani."

Mtoto alitazama bibi yake. Akatazama watu.

"Anaona aibu," Aoko alisema. "Ni hawa watu wamemjazana. Hope. Sema kitu. Sema tu kitu, mama."

Nyuma yao omena ilianza kuungua, na hakuna aliyeinuka kuipakua.

Watu hawakuja na mawe. Walikuja na sufuria. Wengine walimtupia Mulei mlangoni na tusi juu yake, lakini wengi, kwa sababu hakuna mtu Nairobi hutupa chuma, waliziuza kwa watu wa skrepu waliopita na mkokoteni. Mulei aliacha vile vichuma vya balansi. Aliapa, na Syombua aliamini, kwa sababu alimwona akirudisha mkebe kwa mtu wa pancha. Sufuria zake zikawa nyepesi. Wanawake waliziinua, wakakunja mdomo, wakazirudisha. Duka la dawa nalo lilitaka pesa, halikuwa na habari za uzito.

Kasyoka alikuwa nyumbani. Syombua alimpikia uji kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, mbichi, bila kuchachusha, na Kasyoka aliuonja kila asubuhi na kuutema, akitafuta ule mwingine.

Siku moja jua likiwa kali, mtu wa skrepu alimwaga gunia kibandani. Syombua alikuwa amekuja kumletea Mulei maji, mtoto mgongoni. Kati ya radieta na mikebe ilibiringika sufuria kubwa, nyeusi chini, na alipoigeuza kwa mguu aliona alama ya dole gumba. Ndani kulikuwa na ukoko wa nyanya.

Waliitazama wote wawili.

"Tuizike," Syombua alisema.

"Wapi?" Mulei aliuliza. "Gatina hii hata mtu hana mahali pa kuzikwa." Alikuwa ameishika tayari. Aliipima kwa mkono, vile wateja hupima, bila kujua anapima. "Nimelipia hili gunia lote, Mama Kasyoka. Na dawa inaisha Ijumaa."

Akasimama nayo. Kama angetupa mzaha hapo, hata ule mbaya wa risasi, Syombua angejua la kufanya. Angemtukana, wangepigana, kitu kingesemwa. Mulei aliinama. Aliishusha motoni, akairudia na chuma kirefu ilipokataa kulala, na moshi ulipoanza kupanda wenye rangi yake, Syombua akasogea nyuma na mtoto mpaka nje kabisa, kwenye jua.

Sufuria zilizotoka siku ile zilikuwa nzuri. Zilipoa zikang'aa, na mama mmoja wa mtaa wa juu, mgeni machoni, alisimama na kikapu chake. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole ikalia kama kengele. Akaiinua.

"Sasa hii ndio sufuria," alisema. "Siku hizi mnauzia watu karatasi. Nilikuwa natafuta tu ndogo nzito hivi, ya uji."

Mgongoni mwa Syombua kitu kilisogea. Kasyoka aliinua kichwa. Alitazama sufuria, akatazama yule mama, na uso wake, ambao siku hizi haukuwa na haraka, ukafunguka wote.

"Uji," alisema, wazi kabisa.

"Ona!" mama akacheka. "Hata mtoto ameijua. Anaongea vizuri huyu, Mungu ambariki. Mnifungie hiyo."

Mulei alikuwa ameinamia moto. Hakugeuka. Syombua alifungua mdomo. Mama yule alimngoja, akitabasamu, noti ameikunja kati ya vidole.

Syombua akainama, akatafuta gazeti la kufungia.